Bibi wa Mbeba Beseni

Jumatatu, mwezi wa pili

Mume wangu mtoro,

Salamu nyingi kutoka kwa mkeo wa kwanza na wa mwisho. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo kila asubuhi linagoma mpaka nilibembeleze kwa maji ya moto. Wewe je, unakula ukashiba? Unalala pakavu? Usinijibu "nzuri tu" kama kawaida yako. Nieleze kama mtu anayeeleza.

Tangu uondoke na watu wa beseni, chumba cha mbele kimevurugika. Vyombo vinaletwa kama zamani, rafu zimejaa mpaka karibu na dari, ila aliyekuwa anavifungia nyuzi za rangi ili tujue kipi cha nani hayupo. Juzi nimempa fundi viatu birika la fundi cherehani, na fundi cherehani nimempa chungu cha fundi viatu. Wamepika na kunywa siku mbili, hakuna aliyeshtuka. Kazi yenyewe inakwenda. Nalamba dole gumba, nalipitisha kwenye ufa, nauambia ufa "shikana", unashikana. Wakubwa zako wanaita uchawi. Sisi tunaita mkono, na mwenye nao tunasema ana mkono, yamekwisha.

Sasa nikuulize jambo, maana mimi na wewe hatuzungukani. Nasikia mnapita mji kwa mji, mnawamiminia watu maji ya Kisima Kitakatifu, na mkono ukishapata maji hayo haufanyi tena kitu zaidi ya kushika na kukuna. Nasikia pia kwamba wanaokataa wanapigwa vita kwa jina la Mbingu. Mkifika huku kwetu, utaninawisha mimi?

Nijibu upesi. Fundi viatu anakusalimu. Anataka pia kujua mume wangu amekwenda kwa muda gani, na sidhani anauliza kwa ajili yako.

Mkeo mwenye goti,
Bibi yako


Alhamisi, mwezi wa tatu

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nikiwa na afya njema, na furaha niliyoipata nilipoona mwandiko wako siwezi kuieleza. Nakula mara mbili kwa siku, wali na maharage, na maharage yanashinda wali kwa wingi. Nalala kwenye hema na wenzangu watano, mmoja wao anaongea usingizini na wengine tunamjibu. Pole na goti.

Kazi yangu ni mbeba beseni. Askari wa mikuki wanatangulia, mpiga ngoma anafuata, halafu sisi wenye mabeseni ya shaba, halafu mapipa ya maji kwenye mikokoteni. Mpiga ngoma wetu ni mjukuu wa fundi viatu, yule binti aliyekuwa akipiga masufuria mtaani mpaka watu wakamlalamikia. Huku analipwa kwa kelele zilezile.

Umeuliza swali, nami nalijibu. Mkuu wetu anafundisha kwamba Mbingu ni nguo moja, na kila mwanadamu anapoamrisha kitu kwa mkono wake, anavuta uzi. Tumevuta sana, anasema, na vita hii ni ya kurudisha kilichoibwa. Mimi namwamini, bibi. Mama alipougua, mtaa wetu ulijaa watu wenye mikono: wa kuwasha moto kwa ukucha, wa kuita mvua, na wewe. Hakuna hata mmoja aliyeweza kumzuia asiondoke. Nikajiuliza, nguvu inayounga sahani na kushindwa kumuunga mama yangu ina kazi gani kwetu? Na mimi mwenyewe unajua nilizaliwa na mikono mitupu. Bora sote tuwe sawa. Kwa hiyo ndiyo, tukifika nyumbani, na wewe utanawa. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu kabla ya kuiacha ibaki.

Halafu nina ombi. Tafadhali usiniite mume wangu kwenye barua. Kila barua inapita kwa karani wa jeshi, na yeye ni mtu wa ng'ambo ya milima, lugha yetu kaipata kwenye kitabu. Kwao hawana utani wa bibi na mjukuu. Aliposoma barua yako aliniita mbele ya watu akaniuliza, "Huyu mwanamke ni nani kwako?" Nikamjibu, "Ni bibi yangu." Akatabasamu, akaandika kitu kwenye daftari lake kubwa, akanipa mkono wa pongezi. Mpaka leo sijui alinipongeza nini.

Msalimie fundi viatu, na umwambie nakuja.

Mjukuu wako


Jumamosi, mwezi wa nne

Mume wangu halali,

Nimekusalimu hivyo kwa sababu sasa ni halali kwa mhuri. Tulia nikusimulie. Goti limepona kwa kicheko.

Jumanne nilikuwa nimekaa na sinia lililovunjika la watu wa hoteli mapajani, nusu mkono wangu wa kulia, nusu wa kushoto, nikasikia hodi. Wanajeshi wawili, wamelowa jasho, mmoja ana nyundo, mwingine ana ubao. Wakasema wanamtafuta bibi wa askari mbeba beseni. Nikawaambia, "Ndiye mimi." Wakanitazama. Wakatazamana. Yule wa nyundo akauliza, "Wewe ndiye bibi yake?" Nikamwambia, "Tangu azaliwe." Mwenzake akasema kwa upole, "Ndoa ni majaliwa," wakaanza kupigilia misumari.

Ubao umeandikwa hivi: NYUMBA YA MKE WA ASKARI. ASINAWISHWE NA MKONO WOWOTE ILA MKONO WA MUME WAKE. Chini kuna mhuri wa Kisima Kitakatifu, mwekundu, mkubwa kuliko kitasa.

Nilikaa nikafikiri, nikafikiri, halafu nikaelewa, nikacheka mpaka fundi cherehani akaja mbio na futi shingoni. Mume wangu, yule karani wako kajifunza kwenye kitabu cha Bwana na Bibi. Kwake yeye bibi ni mke wa bwana. Wewe ukamjibu kwa mdomo wako kwamba mimi ni bibi yako, na mimi kwa kalamu yangu nimekuita mume. Angefanyaje, masikini? Ndiyo maana akakupongeza.

Fundi viatu ameusoma ubao mara mbili, akavua kofia, akasema samahani hakujua kama jambo lenyewe ni zito kiasi hicho. Toka siku hiyo ananiamkia akiwa upande wa pili wa barabara.

Nimelisoma jibu lako pia. Sijakasirika. Nitalijibu nikishapata maneno, maana hilo si la kujibu huku nacheka.

Mkeo kwa mhuri,
Bibi


Jumatano, mwezi wa tano

Bibi yangu,

Shikamoo. U hali gani wewe na goti lako? Mimi mwili mzima, ila aibu inaniua polepole.

Habari zimeenea kambini. Wananiita bwana harusi. Askari wa mikuki wananiuliza kama mke wangu ananipikia vizuri, na wewe unajua nani alikuwa anapika. Nilikwenda kwa karani kurekebisha mambo, na nakuandikia mazungumzo yetu yote yalivyokuwa.

Nikasema, "Karani, kuna kosa. Yule si mke wangu."
Akasema, "Ulisema ni bibi yako. Je, si bibi yako?"
"Ni bibi yangu."
"Basi?"
"Ni bibi mzaa mama."

Akafungua kitabu chake, akatafuta "zaa" kwa kidole, akaipata, uso ukang'aa. Akaandika kwenye daftari: ana watoto. Akanipongeza tena. Nilikwenda mpaka kwa Mkuu mwenyewe, naye hakunisikiliza. Alisema daftari limepigwa mhuri wa Kisima, na kilichopigwa mhuri wa Kisima hakifutwi na mtu, hata yeye. Sheria ile ya wake aliitunga kwa heshima, asije mwanamume akashikashika mikono ya mke wa mwenzake. Kwa hiyo duniani kote, bibi, niliyebaki na ruhusa ya kukunawisha ni mimi peke yangu.

Mwezi uliopita ningefurahi. Sasa nikueleze jambo ambalo sijamweleza mtu. Wiki iliyopita tuliingia mji mmoja bila kupigana. Nikapangiwa nyumba ya mama mmoja mzee, kazi yake ni kuwasha majiko ya mtaa kwa ukucha wa kidole cha shahada. Hakunigombeza. Alinyoosha mikono, nikamimina, akajifuta kwa upande wa khanga yake. Halafu, kwa kuwa nilikuwa mgeni na nimetembea juani, akasema nikae anipikie chai. Akainama jikoni, akakwaruza ukucha kwenye kuni. Akakwaruza tena. Akakumbuka. Akanigeukia akaniomba radhi, mimi, kwamba chai itachelewa.

Nilikwenda kuomba moto nyumba ya tatu, nikamwashia jiko, nikainywa ile chai mpaka mwisho kwa sababu ningeiachaje. Nilipotoka nje niliitazama Mbingu kwa muda mrefu nione kama kuna uzi umerudi. Ilikuwa vilevile, ya buluu, haina habari na sisi.

Bado naamini mengi, bibi. Lakini hilo la chai halinitoki. Na njia yetu inaelekea huko kwenu.

Mjukuu wako


Ijumaa, mwezi wa tano

Mume wangu,

Salamu. Leo utani ni wa juu tu, ndani nina maneno ya kweli. Niko salama, nimekula, nimefunga mlango ili nisikatizwe.

Mama yako alikuwa mama yako, lakini alikuwa mwanangu kwanza. Usidhani sikujaribu. Nilimpitishia dole hili kwenye paji la uso, kifuani, mgongoni, nikisema shikana, shikana, mpaka ngozi ya dole ikachubuka. Mkono wangu unajua vitu vyenye ufa. Yeye hakuwa na ufa, alikuwa anaisha tu. Nilimlilia Mungu kwa hasira ambayo sikukuonyesha, ulikuwa mdogo. Kesho yake mtu akaniletea bakuli lililovunjika, la mtoto wake, na mtoto hataki kula kwenye jingine. Nikaliunga. Niliona heri nifanye hicho kidogo ninachokiweza kuliko kukaa bure. Hiyo ndiyo kazi yake, kwa kuwa uliuliza.

Na kuhusu mikono yako mitupu, nilikuwa nakuacha ufunge nyuzi zako nikidhani unajua. Vyombo vinaungwa na mimi, lakini vilikuwa vinafika kwa wenyewe kwa sababu yako. Ona sasa fundi viatu anapikia birika.

Jibu langu ni hili. Ukija na beseni, nitakunja mikono ya gauni nikupe mikono yangu yote miwili. Sitajificha, sitapiga kelele, sitakulaani. Jeshi lako nisingelipa hata ukucha. Wewe nitakupa, maana wewe ni wangu, na sitaki kitu cha kuunga sahani kikae katikati yetu. Kwa hiyo uamuzi ni wako. Utauamua ukiwa umeshiba na umelala, usiuamue na njaa.

Sasa nifungue mlango, maana nje kuna msururu. Ubao wangu umenipa umaarufu. Mabibi wa mtaa mzima walikuja kuusoma, wakaniuliza niliupataje, nikawaambia ukweli: niliandika barua kwa mjukuu wangu kama ninavyoongea naye. Unajua mabibi. Hakuna asiyemwita mjukuu wake mume. Na kila nyumba hapa imetoa askari mmoja, kwa hiari au kwa kuvutwa. Sasa wote wameshika kalamu. Wasiojua kuandika wanakuja kwangu, nawaandikia, nami nawasisitiza wasiongope hata neno moja. Fundi cherehani, bibi mwenzangu, kaandika kurasa nne za wivu. Fundi viatu naye ameuliza kama inafaa kwa babu. Nikamwuliza, "Mjukuu wako wa ngoma unamwitaje?" Akasema, "Mke wangu mdogo." Nikampa karatasi.

Mkeo,
Bibi


Jumapili, mwezi wa saba

Mume wangu,

Sijui barua zangu zinakufika au la. Hii ni ya tatu bila jibu. Sokoni wanasema jeshi lenu lilipigana darajani na waita mvua, kwamba mawe ya barafu yalishuka, kwamba watu waliumia. Kila mtu ana habari na hakuna mwenye jina la mtu.

Sili vizuri. Jana nimeunga mshikio wa kikombe mahali pasipo pake, ukatokea chini. Mwenyewe amekichukua kwa heshima.

Ninawe nisinawe, sasa sijali hata kidogo. Niandikie neno moja tu, hata kama ni "nzuri tu".

Bibi yako


Jumatatu, mwezi wa saba

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo, shikamoo tena, na tena kwa kila barua niliyokuchelewesha. Mimi ni mzima, sina hata mchubuko. Barua zako zote tatu nimezipata leo asubuhi kwa mpigo. Nilipofika kwenye ile ya "nzuri tu" nililia mbele ya watu watano na hakuna aliyenicheka.

Darajani ilikuwa hivi. Waita mvua walisimama ng'ambo, wanawake kumi na wanaume wachache, wakainua mikono, na mawe ya barafu yakaanza kushuka makubwa makubwa. Mkuu akaamuru tusonge mbele kwa jina la Mbingu. Sisi wenye mabeseni tukayavaa kichwani. Askari wa mikuki wakaona, wakaanza kutunyang'anya. Basi vita takatifu ikawa ni watu kugombania beseni kwenye mvua, na mjukuu wa fundi viatu alipiga ngoma ya kurudi nyuma kabla hajaambiwa. Hakufa mtu. Aliyeumia zaidi ni beseni la Mkuu mwenyewe, limekunjika mpaka haliwezi kushika maji.

Kilichochelewesha barua ni nyinyi. Ndiyo, nyinyi mabibi. Magunia matatu yalifika kwa wakati mmoja, na karani lazima asome kila barua. Alikaa hemani majuma mazima, anatoka macho mekundu. Siku moja aliniita akaniuliza kwa siri, "Niambie, wake wa nchi hii mbona wote wana mwandiko wa kutetemeka?" Nikasema sijui. "Na magoti? Kila mke analalamika magoti." Akamwandikia daktari wa jeshi achunguze maji ya visima. Halafu akampata binti wa ngoma, akamwambia kwa huruma kwamba mume wake amebakiwa na meno manne. Binti akajibu, "Afadhali, mwaka jana alikuwa anasema matatu."

Hatimaye daftari lilifikishwa kwa Mkuu. Karibu jeshi zima lina wake na waume huko tunakokwenda, wote wamepigiwa ubao, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuwagusa. Mkuu alisoma sheria yake mwenyewe kutoka juu mpaka chini, akitafuta pa kutokea. Hakupaona. Jana alitupanga mstari. Kila mmoja kapewa chupa ya maji ya Kisima na ruhusa ya kwenda nyumbani. Maneno yake nimeyashika: "Nendeni mkawanawishe wenzi wenu kwa mikono yenu. Asirudi mtu kabla hajamaliza."

Basi nakuja, bibi. Chupa ninayo kifuani, inanipiga mbavuni nikitembea. Tangu asubuhi nasoma na kurudia barua yako ya mwezi wa tano mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Nimekula, nimelala kidogo mchana, kama ulivyosema, na bado sijui nitafanya nini nikikuona umenyoosha mikono. Naogopa kuliko nilivyoogopa darajani. Lakini nakuja mwenyewe.

Mumeo


Jumanne, mwezi wa tisa

Bibi,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama kwa mama mdogo na kwamba mtoto wake mchanga ananyonya vizuri na kulia kwa kiasi. Mwambie mama mdogo nampongeza, na kama mtoto amefanana na babu, avumilie, wengine tumeshazoea. Sisi huku hatujambo. Vyombo vyote vina nyuzi. Fundi viatu amerudishiwa chungu chake na sasa anadai lile birika lilikuwa linapika vizuri zaidi.

Nakuandikia kwa sababu Jumapili alikuja karani. Peke yake, kwa miguu, daftari kwapani. Anapita nyumba kwa nyumba kuuliza kwa nini hakuna aliyerudi kambini. Alianza kwa fundi cherehani, akaenda kwa fundi viatu, akaja kwetu akiwa tayari amechoka. Nilimkaribisha kwenye kigoda chako.

Akauliza, "Umeshamnawisha bibi yako?"
Nikasema, "Namnawisha."
"Kwa mkono wako mwenyewe?"
"Kwa mkono wangu mwenyewe, kama sheria inavyosema."
"Umemaliza?"
"Bado. Ananawa kila anapotaka kula, na anakula mara tatu."

Akaniambia hilo ndilo jibu alilopewa mtaa mzima. Akauliza chupa iko wapi. Nikamwonyesha mbuzi wa fundi viatu, kwamba aliyanywa yale maji yote yaliyomwagika uani, na tabia yake haijabadilika, bado anakula kofia. Karani akaandika hilo pia. Halafu akauliza wewe uko wapi, nikamjibu umekwenda kumwona mjukuu. "Mjukuu wa nani?" Wake mwenyewe, nikasema. "Na wewe ni nani wake?" Mjukuu.

Akaweka kalamu chini. Akasema "bibi" polepole, kama mtu anayejaribu jino linalouma. Nikamweleza yote, bibi ni nani, mume ni nani, magoti ni ya nini. Nilidhani atakasirika. Akaanza kutetemeka mabega, kumbe anacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ukurasa wa sheria. Alipotulia akasema na yeye anaye mama wa mama yake, ng'ambo ya milima, na kwamba hajamwandikia tangu vita ianze. Akauliza kama naye anaweza kumwita "mke wangu". Nikamwambia kwa kawaida wao ndio wanaanza, sisi tunaitikia, lakini kwa kuwa hajui desturi, ajaribu tu. Nikamwekea chakula. Kabla hajala nilimmiminia maji mikononi, akayatazama yakidondoka.

Jioni hiyo aliandika taarifa yake mezani petu, nimeisoma kwa macho yangu. Kwa mji mzima ameandika mstari mmoja: Bado wananawishwa. Ameupiga mhuri wa Kisima, kwa hiyo haufutiki. Anasema Mkuu amebaki na wapishi na mapipa, wanavunja kambi wiki ijayo kurudi kwao, na kwamba usiku anasikika akiisoma ile sheria kwa sauti.

Yule mama wa chai nimemkumbuka. Jumatano nitampelekea kuni na kiberiti, nikae nimsikilize kama ana la kuniambia. Mkono wake siwezi kuurudisha. Hilo litabaki hivyo, na nataka uwe unalijua unaponisifu kwa watu.

Kuna jambo sikukwambia siku ile. Ulikunja mikono ya gauni, ukainyoosha juu ya karai, ukafumba macho, na mimi nikashika chupa. Ulidhani nimechelewa kwa sababu kizibo kiligoma. Kizibo kilitoka mara moja. Nilikuwa natazama mikono yako. Nilikuwa nimekuja na hoja, nimezipanga njiani, za Mbingu na za mama, na nikaona zote zinahusu mikono ya watu kwa jumla, na hii haikuwa ya jumla. Ina kovu la sinia, ina udongo kwenye kucha, imenibeba. Sidhani Mungu anaihitaji kuliko ninavyoihitaji mimi, na kama anaihitaji, anajua nyumba. Ndiyo nikamwaga chupa kwenye mlango wa uani, nikachukua maji ya sufuria yaliyokuwa jikoni. Ulipofumbua macho ukasema, "Haya mbona ya vuguvugu?" mimi nilikuwa tayari nalia. Sikulia kwa huzuni, bibi. Nilifurahi mpaka nikaogopa, na bado nafurahi kila siku ninapokumiminia, asubuhi, mchana na jioni.

Mwachie mama mdogo mtoto wake, uje. Siku hizi nikila peke yangu nanawa harakaharaka kama mwizi, na maji yanabaki mengi kwenye jagi.

Mumeo